Pimbi, Nguchiro na Mlio wa Mchi

Nikisema "Ngano hiyo," nyinyi semeni "Na ifike." Semeni wote, si wa mbele tu.

Ngano hiyo!

Na ifike!

Bado iko mbali. Namsikia Bugingo peke yake, wengine mnasinzia. Ngano hiyo!

Na ifike!

Haya, imefika. Kaeni vizuri, na asiniulize mtu "halafu ikawaje" kabla sijavuta pumzi.

Hapo zamani za kale, zamani za mbali sana, wanyama walikaa vijijini kama sisi, kando ya ziwa kubwa. Walilima mihogo, walivua samaki, walisengenyana. Msicheke. Walisengenyana kabisa.

Katika kijiji kimoja alikaa Pimbi. Mnamjua pimbi, mnyama mdogo wa kwenye mawe, mkia hana, miguu mifupi. Huyu Pimbi alikuwa na mtumbwi. Mtumbwi wenyewe mdogo, wa watu wawili. Akipanda wa tatu, maji yanaingia.

Mwezi huo mke wa Pimbi alikuwa amejifungua mapacha, Kulwa na Doto. Watoto wazuri, lakini maziwa ya mama yalikataa kutoka. Mvua haikunyesha mwaka ule, na chakula kilikuwa ugali wa muhogo kwa chumvi. Wakunga wakamwambia Pimbi kwamba mkewe anataka supu ya samaki, anywe ya moto, anywe kila siku, ama sivyo watoto hawatafika mwezi mpya. Kulwa analia, Doto analia. Pimbi akashika kafi lake akaenda kwa jirani yake Nguchiro, maana mtumbwi wa watu wawili hauendi na mtu mmoja.

Nguchiro alikuwa mwembamba, mjanja, mwenye haraka hata ya kulala. Alikubali papo hapo, ila akasema wagawane nusu kwa nusu. Pimbi akasema sawa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Ziwani hakuna mti wala kichuguu cha kuwekea alama. Maji ni maji tu. Mtu atajuaje kwamba hapa nimefika mbali, hapa nirudi? Watu wa kijiji hicho walikuwa na desturi yao. Chombo kikiingia majini, mmoja hubaki ufukweni akitwanga makopa, ile mihogo mikavu ya unga. Tu! Tu! Tu! Mwenye chombo huenda huku anasikiliza. Mlio wa mchi ukiwa mkubwa, yuko karibu. Ukififia, ajihadhari. Ukipotea, ageuze hapohapo, hata kama samaki wanamrukia mapajani. Hiyo ndiyo sheria, na aliyeishika alirudi kula kwake.

Mwenye zamu ya kutwanga siku hizo alikuwa Nungunungu. Pimbi alimwita shangazi, na nusu ya kijiji walimwita shangazi. Mama wa maneno mengi na mkono mzito. Alipenda vitu viwili duniani, samaki na kumkosoa mtu.

Siku ya kwanza wakaingia majini. Pimbi mbele, Nguchiro nyuma. Shangazi Nungunungu akaanza kutwanga. Tu! Tu! Tu! Na Pimbi akaanza kuimba, maana kafi bila wimbo linachosha mkono:

Vuta kafi, vuta,
nyumbani kuna wana,
vuta kafi, vuta.

Pimbi alikuwa na sauti mbaya, Mungu amrehemu. Shangazi akasimamisha mchi, akamwambia kutoka ufukweni kwamba samaki wenye masikio watahama ziwa. Kisha akaendelea kutwanga, na wao wakaendelea kwenda.

Wakaenda, wakaenda. Mlio ukafifia. Wakaenda kidogo tena, mlio ukapotea. Pimbi akatua kafi, wakatupa wavu hapo. Wakapata furu watano, wale samaki wadogo wenye miiba kuliko nyama. Wakageuza, wakarudi. Mama wa mapacha akanywa supu ya furu. Maziwa hayakutoka. Kulwa akalia, Doto akalia, usiku kucha.

Nguchiro naye hakulala. Alikuwa anawaza. Akaona kwamba samaki wakubwa wako mbele, ila mlio wa mchi haufiki mbele. Sasa mtu mwingine angesema, basi tuvumilie. Nguchiro akasema moyoni, kama tatizo ni mlio, mlio si unaweza kukuzwa?

Asubuhi ya pili akamwendea Shangazi na mchi mpya begani, mchi wa mti mgumu, mnene, mzito. Akamsifu unga wake, akamsifu na mkono wake, akasema ni aibu mkono kama ule kutwangia kijiti. Shangazi akacheka, akapokea. Akapiga mara moja. TU! Kuku wa kijiji wakatawanyika.

Wakaingia majini siku ya pili. Tu! Tu! Tu! Vuta kafi, vuta. Wakafika pale pa jana, mlio bado upo. Wakapita. Wakaenda, wakaenda, mpaka ulipopotea. Wakatupa wavu, wakapata sato watatu, wa kushika kwa mikono miwili. Wakageuza, wakarudi salama. Mama akanywa supu ya sato, na maziwa yakaanza. Kulwa akanyonya akashiba akalala. Doto alipowekwa titini, hakukuta kitu. Akalia mpaka sauti ikakauka.

Pimbi alimwangalia Doto akaona huyu mtoto anamponyoka. Kwa hiyo nisimsikie mtu anasema Pimbi alikuwa mlafi. Nguchiro alikuwa mlafi. Pimbi alikuwa baba mwenye hofu, na mwenye hofu hudanganyika haraka.

Asubuhi ya tatu Nguchiro akamwendea Shangazi tena. Safari hii alimhamishia kinu. Alikipandisha juu ya jabali kubwa lililoingia majini, akasema pale kuna kaupepo, Shangazi hatatoka jasho. Lakini mnajua kinu kikiwa juu ya jiwe kinavyolia. Kisha akamwahidi tenga zima la samaki, lake peke yake, kwa sharti moja: asinyamaze mpaka jua lifike utosini. Shangazi hakuwa ameonja samaki tangu kiangazi kianze. Macho yakamng'aa, akakubali.

Na siku hiyo upepo ulikuwa unatoka milimani, unakwenda ziwani. Upepo mzuri, wa baridi, unamsukuma mtu mgongoni. Pimbi akapiga kafi mara mbili tatu, akashangaa. Akamwambia Nguchiro kwamba leo mtumbwi unajiendea wenyewe. Nguchiro akasema hiyo ni baraka, aendelee kuimba.

Tu! Tu! Tu! Wakafika pale pa siku ya kwanza, wakapita. Tu! Tu! Tu! Wakafika pale pa siku ya pili, wakapita. Tu! Tu! Tu! Pimbi akageuka, nyumba hazioni. Akageuka tena, mawe ya kwao hayaoni, vilima tu, vya buluu. Lakini akitega sikio, mchi uleule, karibu kabisa, kama Shangazi yuko nyuma ya mtumbwi anatwanga.

"Nguchiro," akasema, "tumefika mbali."

"Unasikia mchi, husikii?"

"Nasikia."

"Basi sheria inasemaje?"

Pimbi akarudisha uso mbele. Sheria ilisema ukiusikia mchi, uko salama, na mchi aliusikia.

Wakatupa wavu. Jamani! Wavu ulikuja mzito hadi mtumbwi ukainama. Wakajaza tenga la kwanza, la Nguchiro. Wakajaza la pili, la Pimbi. Wakajaza la tatu, lile la ahadi, la Shangazi. Mtumbwi ukazama mpaka maji yakabaki vidole vinne kufika ukingoni. Nguchiro akaona ndege wanapiga mbizi mbele zaidi, akasema twende pale, mara moja tu.

Wakashika makafi. Na hapohapo mlio wa mchi ukakatika.

Haukufifia. Ulikatika. Tu, tu, halafu kimya.

Pimbi akatua kafi. Nguchiro akamwambia kwamba Shangazi anakunywa maji. Wakangoja. Kimya. Nguchiro akasema amepata mgeni, si unajua mdomo wake. Wakangoja. Kimya. Pimbi akasema anageuza mtumbwi.

Mara akasikia, tu, tu, tu, kwa mbali. Nguchiro akatabasamu, akasema si nilikwambia, twende.

Lakini Pimbi alikuwa ameweka kiganja kwenye ubavu wa mtumbwi, na ubavu ulikuwa unatetemeka. Akainama akaangalia chini. Kisigino cha Nguchiro kilikuwa kinagonga mbao, tu, tu, tu. Nguchiro huyo! Alikuwa anatwanga kwa mguu.

Pimbi hakupiga kelele. Alimwambia atoe mguu wake hapo, kisha akasema, "Mchi umenyamaza, mimi narudi kwa wanangu." Akageuza mtumbwi.

Alipougeuza tu, upepo ukampiga usoni.

Nyinyi mliokaa hapo, mmewahi kupanda kilima na gunia kichwani baada ya kuteremka mikono mitupu? Basi ndivyo ilivyokuwa. Ule upepo uliowasukuma kwa upole asubuhi, sasa walikuwa wanakula nao sahani moja. Wanapiga kafi, mtumbwi umesimama. Wanapiga kafi, mtumbwi unarudi nyuma. Mawimbi yakaanza kuingia.

Nguchiro akasema tupunguze mzigo. Tena akasema tuanze na tenga la Nungunungu, kwa kuwa yeye kavunja ahadi, kanyamaza jua halijafika utosini, hana haki tena. Pimbi alikuwa amekasirika na amechoka, naye moyoni alimlaumu Shangazi kwa kuwaacha. Akakubali. Wakalimwaga tenga la Shangazi. Mtumbwi ukasogea kidogo.

Wakavuta, wakavuta. Pimbi hakuimba tena, pumzi ya kuimba haikuwepo. Maji yakaingia mpaka magotini. Wakalimwaga tenga la Nguchiro, na Nguchiro akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Mtumbwi ukasogea kidogo.

Wakavuta, wakavuta. Viganja vya Pimbi vikachubuka. Nyumba zikaanza kuonekana, lakini mikono ilikuwa imekwisha, na wimbi moja kubwa lilitosha kuwamaliza. Likabaki tenga la tatu, tenga la Pimbi. Lile lilikuwa maziwa ya Doto. Pimbi alilishika kwa mikono miwili, akalitazama. Kisha Pimbi akalimwaga mwenyewe, na machozi yakamtoka, nayo yakaenda ziwani na samaki wake.

Mtumbwi mwepesi ukapanda juu ya maji. Wakavuta, hatua kwa hatua, mpaka wakaliona lile jabali. Na Shangazi Nungunungu walimwona. Hakuwa juu ya jabali. Alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, yeye asiyejua kuogelea, ameunyoosha ule mchi mrefu mbele yake kwa mikono miwili. Pimbi akatupa kafi, akaudaka mchi kwa ncha. Shangazi akarudi nyuma, akavuta, akavuta, na mtumbwi ukagusa mchanga.

Wakaanguka ufukweni wote watatu.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Nguchiro. Alifungua kwa lawama. Kwa nini alinyamaza? Hawakupatana asinyamaze mpaka jua lifike utosini? Sasa tenga lake asahau.

Shangazi akamtazama Nguchiro, kisha akamgeukia Pimbi. Akasema, "Mwanangu, nyinyi mlikuwa mnanisikia mimi. Mimi nilikuwa siwasikii nyinyi."

Pimbi hakuelewa. Shangazi akawaeleza. Kila siku mtumbwi ukienda, yeye hutwanga na huku anasikiliza ule wimbo wa Pimbi, ili jioni apate la kumkosoa. Siku ya kwanza aliusikia mpaka mwisho. Siku ya pili aliusikia kwa mbali, akasema haya, bado wapo. Leo wimbo ulikatika mtumbwi ukiwa bado anauona kwa macho. Akadhani wameacha kuimba. Akaangalia, akaona kafi la Pimbi linakwenda kwa mwendo wa wimbo, sauti haiji. Akaendelea kutwanga kwa ajili ya lile tenga, mpaka mtumbwi ukampotea machoni na jua likapanda, ndipo akachota unga kinuni, akaurusha juu, na unga wote ukaruka kuelekea ziwani. Hapo ndipo alipojua. Upepo ulikuwa unaubeba mlio wake kuwapelekea wao, na ule wimbo wao unauzuia usirudi. Akajua kwamba kama wimbo haurudi, na waimbaji hawatarudi kwa urahisi. Na kadiri anavyotwanga, ndivyo wao watakavyojiona wako karibu.

"Sauti yako mbaya ile," akamwambia Pimbi, "leo nimeitafuta kwa masikio yote mawili, sikuiona. Nikaogopa. Nikaweka mchi chini."

Pimbi akajifunika uso. Aibu ilimshika kuliko baridi. Akamwambia ukweli wote, hakuficha. Akasema, "Shangazi, tulipozidiwa, tenga la kwanza kumwagwa lilikuwa lako. Nilikubali mimi."

Shangazi akakamua maji kwenye nguo yake. Akasema, "Lile tenga nililimwaga mimi kabla yenu, mwanangu. Nililimwaga pale nilipouweka mchi chini."

Pimbi akapiga magoti kwenye mchanga. Akasema ahsante. Akasema ahsante ya pili. Kisha akaishika miguu ya Shangazi. Nguchiro, na mimi nasema haki yake, naye alipiga magoti. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amekosa, na kisigino chake kimekosa.

Walipokwenda kumwaga maji ya mtumbwi, wakakuta sato mmoja amejibanza chini ya ubao wa kukalia. Mmoja, wa kushika kwa mikono miwili. Pimbi akamchukua akampa Shangazi, kwa heshima, kama anavyopewa mkwe. Shangazi alimpenda samaki, nimeshawaambia. Alimpokea, akamnusa, akafumba macho. Kisha akaenda naye moja kwa moja nyumbani kwa Pimbi, akawasha moto, akapika supu, akaketi karibu na mzazi mpaka bakuli likaisha. Yeye alilamba mwiko.

Alfajiri Kulwa alinyonya akashiba. Doto akawekwa titini, na wote mle ndani wakasogea kumtazama. Doto akavuta, akavuta, akameza. Pimbi alilisikia lile funda la maziwa likishuka, akatoka nje akalia peke yake kwa furaha.

Kijiji kikakaa kikao. Nguchiro akapewa zamu ya kutwanga makopa miezi mitatu, kwa ule mchi wake mwenyewe mzito, akaota malengelenge mpaka kwenye kisigino. Na sheria ikabadilishwa. Tangu siku hiyo, aliye ziwani lazima aimbe, na aliye ufukweni lazima asikilize. Wimbo ukianza kumpotea aliyebaki, anaweka mchi chini, na mwenye chombo anageuza bila swali. Pimbi alivua karibu, akapata kidogo, siku nyingi furu tu. Lakini kila siku alirudi, na kila aliporudi alipitia kwanza kwa Shangazi, akamwachia samaki mmoja mlangoni, ndipo akaenda kwa wanawe. Mpaka Kulwa na Doto wakawa wakubwa, hakuruka hata siku moja.

Basi ngano hii inatufunza nini? Inatufunza kwamba ukitoka na chombo kidogo, usiupime umbali kwa wepesi wa kwenda. Upime kwa uzito wa kurudi. Na ukiwa huko, usiridhike kwa kuwa wewe unawasikia wa nyumbani. Jiulize kama wao bado wanakusikia wewe. Na akikukatiza mtu anayekupenda, usimlaumu kabla hujafika nchi kavu, maana hujui ameacha nini ili wewe urudi. Mshukuru. Mshukuru angali hai, mwenyewe asikie.

Ngano yangu imevutwa nchi kavu, kamba nimeifunga. Mwenye kusikia amesikia, mwenye mama nyumbani akamsalimie.